Dawa ya Mbwa Si Dawa ya Paka

(Haya ni maneno ya Afisa Mifugo wa Kata aliyoyatoa katika mkutano wa wakazi kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria, ili na wale ambao hawakufika wayasome.)



Mmezoea kunisikia nikizungumzia chanjo ya kideri ya kuku, uogeshaji wa ng'ombe na vibali vya kusafirisha mifugo. Leo nimeombwa nimzungumzie mnyama asiyepelekwa mnadani wala kutozwa ushuru, naye ni paka. Ajenda hii iliposomwa, baadhi yenu mlicheka, wala siwalaumu. Lakini tangu mvua zianze, wakazi watatu wamefika ofisini kwangu na swali lile lile: "Paka wangu alikuwa na viroboto. Nimempaka dawa ya dukani. Sasa anatetemeka. Nifanye nini?" Wawili kati yao walichelewa. Kwa hiyo naomba tukimaliza kucheka, tusikilizane.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asiwepo atakayedhani nimekuja kumsuta. Nilipotoka chuoni nikiwa na cheti kipya mfukoni, nilirudi nyumbani kwa mama yangu mzazi. Mama alikuwa na paka aliyemwita Mlinzi, kwa sababu alilala mlangoni pa ghala la mahindi, na tangu afike, panya walipungua. Mwaka ule Mlinzi alijaa viroboto. Alijikuna hadi manyoya ya kiunoni yakanyonyoka. Nikaenda duka la dawa za mifugo na kuuliza dawa ya viroboto. Muuzaji akanipa kichupa kidogo chenye picha ya mbwa. Nikamuuliza kama chafaa kwa paka. Akasema, "Kiroboto ni kiroboto." Nami, mwenye cheti, nikaona hoja hiyo ina mantiki. Nikahesabu kwamba paka ni mdogo kuliko mbwa, basi nikapaka nusu ya kichupa.

Niliyapaka matone yale saa kumi jioni. Kufika saa nne usiku, masikio ya Mlinzi yalikuwa yakichezacheza yenyewe, kisha miguu, kisha mwili mzima. Udenda ulimtoka. Alikuwa akijaribu kusimama na kuanguka. Mama akanitazama akisubiri mtaalamu afanye kitu, na mtaalamu hakujua la kufanya. Nikamnywesha maziwa, kwa kuwa tuliambiwa tangu utotoni kwamba maziwa huua sumu. Hayakusaidia. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ulisomea ng'ombe. Ungeniambia." Mwaka ule panya walikula mahindi yake, na kila gunia lililotobolewa lilinikumbusha neno hilo.

Sasa nieleze kilichomuua Mlinzi, maana ndicho kinachowaua paka wa kata yetu. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa, na baadhi ya dawa za kunyunyizia ng'ombe na mabanda, zina kemikali iitwayo permethrini. Katika lebo huandikwa bila ile "i" ya mwisho. Mbwa akipakwa kipimo chake, ini lake huivunja kemikali hiyo na kuitoa mwilini. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuifanya kazi hiyo. Sumu hubaki, ikawasha mishipa ya fahamu bila kuizima; ndiyo maana mnyama hutetemeka, hukakamaa na kupata degedege. Dalili huweza kuanza baada ya saa chache, na wakati mwingine huchelewa hadi siku ya tatu. Hapa ndipo hesabu yangu ya nusu kichupa ilipokosea. Sikumpa paka dawa nyingi mno. Nilimpa dawa isiyokuwa yake. Dawa za matone za mbwa hutengenezwa zikiwa kali sana, hata tone kidogo linaweza kumdhuru paka. Nusu ya sumu ni sumu.

Liko na jambo jingine linalomtofautisha paka na wanyama wengine wa nyumbani. Paka hujilamba. Ng'ombe ukimnyunyizia dawa, hubaki mgongoni. Paka ukimpaka chochote, fahamu kwamba umempa akile, kwa sababu kabla ya jua kuzama atakuwa amekilamba. Kwa hiyo kila kinachopakwa juu ya paka kipimwe kama kitu kitakachoingia mdomoni mwake.

Kwa sababu hiyo naomba tuache haya yafuatayo. Tusimwogeshe paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Nyingi kati ya hizo zina amitrazi, au kemikali za jamii ya zile zinazoua wadudu shambani, na paka hazimudu. Tusimpake unga wa kuua wadudu wa mahindi au wa mboga. Tusimpake mafuta ya taa. Huunguza ngozi, na yakilambwa huingia mapafuni. Tusimpake ugoro wala maji ya tumbaku, kwa kuwa nikotini ni sumu kali. Tusimlishe kitunguu saumu kwa kudhani kwamba viroboto watachukia harufu yake; kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na paka mwenye viroboto wengi tayari amepungukiwa damu. Najua wapo waliomtendea paka mojawapo ya haya na paka akapona. Wapo pia waliovuka barabara kuu wakiwa wamefumba macho wakafika salama ng'ambo.

Mtaniuliza: basi tukienda dukani tununue nini? Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye lebo. Kwanza, dawa iwe katika chombo chake cha asili, chenye lebo inayosomeka, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji au ya soda usiinunue, hata ukipunguziwa bei, maana hata muuzaji hawezi kukuthibitishia kilichomo. Hapa nchini dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, navyo viuatilifu huwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chupa isiyo na lebo haina wa kuisimamia.

Pili, lebo iseme wazi kwamba dawa hiyo ni ya paka. Isiwe imetaja wanyama kwa ujumla, wala isiwe ya mbwa pamoja na maneno ya muuzaji. Zipo dawa za matone zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, zenye fiproni, imidaklopridi au selamektini, na hizo zikitumika kwa kipimo chake hufanya kazi vizuri. Lakini msichukue jina la kemikali peke yake mkasema mmehitimu. Kemikali ile ile huuzwa kwa mbwa mkubwa katika kipimo cha mbwa mkubwa. Na mwenye sungura nyumbani ajue kwamba fiproni haifai kabisa kwa sungura.

Tatu, soma umri na uzito. Dawa nyingi za matone hazimfai paka mtoto aliye chini ya wiki nane. Kujua uzito wa paka si kazi ngumu. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, halafu toa. Asiye na mizani nyumbani aje ofisini. Paka mjamzito, anayenyonyesha au mgonjwa asipakwe kitu kabla ya kuuliza.

Nne, paka mahali panapostahili. Tenganisha manyoya chini ya kisogo, mahali ambapo ulimi hauwezi kufika, mpaka uione ngozi, kisha mimina matone juu ya ngozi yenyewe. Ukiyamimina juu ya manyoya, umepoteza fedha. Usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada ya hapo. Osha mikono. Watoto wasimshike hadi pakauke. Na kama una mbwa aliyepakwa dawa yenye permethrini, mtenge na paka hadi dawa ikauke, kwa maana paka hupenda kumlalia mbwa na hata kumlamba.

Kuna bidhaa nyingine mbili ambazo wengi mmezijaribu na kuja kulalamika kwamba ni utapeli. Ya kwanza ni sabuni ya viroboto. Sabuni huua au kuosha viroboto waliopo siku hiyo. Ikishasuuzwa, ulinzi umekwisha, na kesho viroboto wapya watapanda. Ya pili ni mkanda wa shingoni. Mkanda wa rangi nzuri usioeleza kilichomo huwa ni pambo tu, na mkanda wa mbwa ni hatari kama vile matone ya mbwa. Ukinunua mkanda, uwe wa paka, ulegee kiasi cha vidole viwili kupita, tena uwe wa aina inayoachia paka akinaswa mtini.

Ndugu wananchi, nafika sasa kwenye jambo ambalo kama mtalishika moja tu leo, naomba liwe hili pamoja na lile la mbwa. Mara nyingi dawa hulaumiwa bure. Mtu amenunua dawa halali, ameipaka vyema, na baada ya wiki mbili viroboto wanaruka tena. Anasema dawa ni feki, anarudi dukani kutafuta iliyo kali zaidi, na hapo ndipo anapouziwa ya mbwa au ya ng'ombe. Njia ya kwenda kwenye sumu huanzia kwenye kukata tamaa huko. Tuelewe basi kwa nini wanarudi.

Kiroboto unayemwona juu ya paka ni sehemu ndogo ya jeshi. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila viroboto mia moja wa nyumba, kwa hatua zote za maisha yao, watano tu ndio wakubwa walio juu ya mnyama. Tisini na watano waliobaki wako sakafuni, mkekani, mchangani chini ya uvungu, katika nyufa za saruji na katika gunia analolalia paka. Jike mmoja aliyeshiba damu huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo ni laini na makavu. Hayagandi kwenye manyoya, huanguka kila mahali paka anapopita. Yakianguliwa hutoka mabuu wadogo weupe wanaokimbia mwanga na kula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kwa kweli ni damu iliyokauka. Kisha buu hujifungia ndani ya kifukofuko kinachonata vumbi, na humo huweza kusubiri kwa miezi. Akihisi joto, pumzi au mtikisiko wa hatua, hutoka na kuruka. Ndiyo maana mtu aliyefunga nyumba akaenda msibani mwezi mzima, akirudi na kufungua mlango hupokewa na viroboto miguuni. Walikuwa wakimngoja.

Dawa ya matone haimfikii aliyemo ndani ya kifukofuko. Humuua akishatoka na kumpanda paka. Kwa hiyo kuona viroboto wachache katika wiki za kwanza hakumaanishi kwamba dawa imeshindwa. Ni wale waliokuwa njiani. Katika joto na unyevu kama wetu, kiroboto huweza kutoka yai hadi ukubwani kwa muda wa wiki tatu hivi. Kwa hiyo dawa irudiwe kama lebo inavyoelekeza, kwa kawaida kila mwezi, angalau kwa miezi mitatu, na wanyama wote wa nyumba watibiwe pamoja, kila mmoja kwa dawa yake. Ukimtibu paka ukamwacha mbwa, umehamisha soko tu.

Na nyumba nayo itibiwe, tena bila gharama. Fagia kila siku, hasa uvunguni na pembezoni, na taka hizo zichomwe au zifukiwe. Zisiachwe nyuma ya mlango. Vitambaa na magunia ya paka yachemshwe au yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Mikeka na magodoro yaanikwe juani kutwa nzima, maana mabuu hawavumilii ukavu. Mpe paka mahali pamoja pa kulala, ili mayai yaanguke mahali pamoja. Fagio na jua ni dawa ambazo hazijawahi kumuua paka.

Asiye na fedha ya dawa, au aliyeikosa dukani, asikate tamaa. Najua maduka yetu huleta zaidi dawa za ng'ombe na mbwa, kwa kuwa ndizo zinazouzika. Tumia kichanuo chenye meno yaliyobanana, kile cha kutolea chawa. Mchane paka kila jioni, hasa shingoni na penye kitako cha mkia, na kila mara tumbukiza kichanuo katika bakuli la maji ya sabuni. Kiroboto huzama humo. Kwa vitoto vya paka vilivyo vidogo mno kwa dawa, hii ndiyo njia ya kwanza, nayo isicheleweshwe, kwa sababu viroboto wengi huweza kukinyonya kitoto cha paka hadi kikafa kwa upungufu wa damu. Ukitaka uhakika kama paka ana viroboto hata usipowaona, kusanya chengachenga nyeusi kutoka kwenye manyoya, ziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Zikiacha doa jekundu, hiyo ni damu, na viroboto wapo.

Wengine watasema: wanadamu wana shida zao, ya nini kuhangaika na paka? Nitajibu kwa ufupi. Kiroboto wa paka humng'ata na mtu, na watoto wanaolala mkekani ndio wa kwanza. Hubeba aina ya tegu ambayo mtoto huipata akimeza kiroboto kwa bahati mbaya. Hubeba pia vijidudu vinavyoingia kwenye mkwaruzo wa kucha za paka na kuleta homa na uvimbe wa tezi. Na historia ya nchi yetu inatufundisha kutowadharau viroboto. Katika Wilaya ya Lushoto, ugonjwa wa tauni uliibuka mwaka 1980 na kuwasumbua watu kwa miaka mingi. Ule uliletwa na viroboto wa panya. Paka akiondoka, panya hutawala. Panya wakitawala, viroboto wao huja nao. Anayemuua paka kwa dawa isiyo yake amejiondolea mlinzi.

Mwisho, nieleze la kufanya ikiwa kosa limekwisha kutendeka, maana ndilo nililolikosa usiku ule kwa mama yangu. Mkazi wa tatu kati ya wale niliowataja alikuja mapema, paka akiwa ameanza tu kutetemesha masikio. Tulimwosha hapo hapo uani kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tukasuuza, tukarudia, tukamkausha na kumfunika apate joto. Kisha akapelekwa kwa daktari wa mifugo, akapewa dawa ya kutuliza degedege. Yuko hai, na mwenye naye yumo humu mkutanoni.

Fanyeni hivyo hivyo. Osha dawa mara moja. Maji yasiwe ya moto, kwani joto hupitisha sumu kwa haraka, wala yasiwe baridi, kwani paka mwenye sumu hupoteza joto la mwili. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala mkaa; mnyama anayetetemeka hupaliwa. Kama degedege limeshaanza, mfunge katika kanga, mweke gizani na penye utulivu, mkimbize kwa daktari. Chukua kichupa au pakiti ya dawa uje nayo. Wala usione haya kusema ulichofanya. Daktari akijua dawa iliyotumika, hapotezi muda kubahatisha.

Kwa upande wa huduma, Ndugu Mtendaji ameniruhusu nitangaze jambo moja. Mkazi yeyote aliyenunua dawa ya mnyama, kabla hajaifungua, ailete ofisi ya mifugo ya kata katika saa za kazi. Nitamsomea lebo, tutampima mnyama, na nitamwonyesha pa kupaka. Kusoma lebo hakuna malipo. Kama hasomi lugha iliyoandikwa, hiyo si aibu yake. Lebo nyingi hazikuandikwa kwa lugha yetu. Na wenye maduka waliopo hapa nawaomba kwa heshima: mteja akiuliza kama dawa inamfaa paka nanyi hamjui, semeni hamjui, mumwelekeze kwetu. Mtapoteza mauzo ya siku moja, lakini mteja mtabaki naye.

Wazee wangu, ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa pale nilipoona haya kuuliza kwa kuwa nilikuwa na cheti. Mama yangu alipata paka mwingine baadaye. Kila nikienda nyumbani na dawa yoyote, hata ya kuku, huniambia kwanza, "Hebu isome kwa sauti." Nami huisoma.